Wafupi wa Gisenyi na Shemeji Mrefu

Mpendwa Bibi Mshauri,

Naomba msaada wako, na ukiweza unijibu kabla ya Idi, maana baada ya Idi jibu lako litanikuta nimeshaharibu. Mimi ni fundi cherehani hapa Gisenyi, nashonea barazani karibu na soko, na jioni mimi ni nahodha wa timu ya mpira wa kikapu ya mtaa wetu, na nikikwambia timu yetu ni ya wafupi usidhani natania, sisi ni mafundi, wachuuzi na wapakiaji wa malori, aliye mrefu kuliko wote akipita mlangoni kwangu kofia yake haigusi kitu, na aliye mfupi kuliko wote ni Faradji, ambaye nikimshonea suruali kitambaa kinabaki cha kumtosha na mwanawe.

Watu hucheka tukiingia uwanjani, halafu wanaacha. Uwanja mzuri hapa ni wa shule ya misheni na wanafunzi ndio wenye zamu, kwa hiyo sisi tumejifunzia ufukweni, kwenye mchanga wa ziwa, kikapu tumekifunga kwenye nguzo, na mpira kwenye mchanga haudundi, ukiudundisha unakufa hapohapo, basi, donc, tulizoea kupeana mkono kwa mkono huku tunakimbia, na tukipanda kwenye uwanja mgumu wenzetu wanadundisha mpira na kutazama chini, sisi tumeshafika kikapuni. Faradji ndiye aliyetuzoesha mchezo huo, anapita chini ya makwapa ya watu kama anaingia nyumbani kwake. Hivyo hivyo tumefika fainali, na tutacheza na Ruhengeri Jumapili ya kwanza baada ya Idi, padri wa misheni anayetoa kombe amekubali kungoja tumalize kufunga Ramadhani.

Ruhengeri ni warefu watupu. Tulishacheza nao mara moja kirafiki, kipindi cha kwanza walitufunga mpaka nikaona haya kuwatazama watu wa mtaani, kipindi cha pili tukawazoea, wakaanza kuinama na kushika magoti, tukawafukuzia, ikabaki kidogo sana tuwafikie, filimbi ikalia.

Sasa shida yenyewe, Bibi. Nimeposa. Nimemposa Saidati, binti wa Mzee Mbonigaba muuza vitenge, na jibu bado halijatoka. Katikati ya kungoja jibu, kaka yake Saidati, anaitwa Muhamadi, amerudi kutoka Usumbura, na ni mrefu kweli, akiingia kwangu anainama, na huko Usumbura alikuwa anacheza mpira huu. Mtaa mzima ukaanza kunisema, "Mutu murefu vile iko kwetu, na munamuacha anakaa bure?" Siku moja alikuja barazani, watu wamejaa wanangoja magharibi ifike wafuturu, akaniambia, "Shemeji, na mi unipime jezi." Aliniita shemeji mbele za watu, Bibi, na posa haijajibiwa. Nilisikia utamu mpaka miguuni, mkono ukachukua futi wenyewe, nikampima kifua, nikampima na urefu. Hapa kwetu fundi akishakupima hadharani maneno yamekwisha, ni kama nguo umeshaivaa, na kesho yake Mzee Mbonigaba akanisimamisha njiani, "Nimesikia mutacheza pamoja na mutoto wangu. Ile iko muzuri. Mambo ya posa tutaongea nyuma ya mechi."

Tulimjaribu Muhamadi na wale wanafunzi wa misheni, tukamtoa Faradji ili yeye aingie. Mwanzo tulifurahi, kila mpira wa juu anaudaka yeye, lakini kumbe kila mmoja wetu alikuwa anamtafuta Muhamadi tu, akishamrushia anasimama kutazama, mbio zote zikaisha, wanafunzi wakamzunguka watatu, wakatufunga, watoto ambao siku zote tunawafunga sisi. Wenzangu wanasema ni kwa sababu hajatuzoea. Huenda ni kweli, sijui.

Na jezi ndiyo inanimaliza. Kitambaa cha buluu tulichoshonea kimekwisha, nimebaki na vipande vya kufika tumboni mwa Muhamadi, chini hakuna. Asubuhi moja Faradji akaja na jezi yake, ameifua, ameikunja, akasema, "Kadiri, usiumize kichwa. Fumua hii yangu, utapata kitambaa ya kuongeza kwa ya Muhamadi. Mi nitakaa na watu, nitapiga makofi." Nikaipokea. Ipo juu ya meza mpaka leo, sijaitia mkasi wala sijairudisha, nashona nguo za Idi za watu huku inanitazama, na Faradji sasa akipita ananisalimu kwa haraka. Saidati naye alipita na rafiki zake, akaiona jezi ile, akajua inangoja kufumuliwa kwa ajili ya kaka yake, akaniuliza, "Bon, Kadiri, unaposa mi, ao unaposa kaka yangu?" Watu walikuwa wengi, nikacheka tu, akaenda zake.

Basi niambie, Bibi, timu ya wafupi watupu inaweza kweli kuchukua kombe mbele ya warefu, au tunajidanganya? Ukisema inaweza, nitamwambiaje shemeji? Ukisema haiwezi, nitamwambiaje Faradji? Ukipenda jina langu lifiche, ingawa hapa watanijua tu.

Ni mimi Kadiri, fundi, Gisenyi.

*

Kadiri,

Jina lako nimeliacha lilivyo. Fundi mwenye timu ya wafupi na shemeji anayeinama mlangoni, hata ningekuita Fulani bin Fulani, Gisenyi yote ingekuelekeza kidole.

Pole kwa kungoja, maana hakuna anayependa kungoja jibu la posa. Lakini pole yangu inaishia hapo. Wewe una ulimi, au una futi tu? Mtu anakuita shemeji mara moja, nawe unampima kifua. Angekuita mkwe ungempa na cherehani.

Tuanze na mpira, kwa kuwa ndio uliouliza. Mimi sijawahi kurusha mpira kwenye kikapu chochote, ila kusoma najua, na jibu umeliandika mwenyewe. Mmefika fainali kwa miguu ya wafupi. Warefu wa Ruhengeri mliwafanya washike magoti. Kilichowaponza siku ile ni kwamba kipindi cha kwanza mlikaa mnawaogopa, mkaanza kukimbia mlipokwisha kuona haya. Basi mara hii kimbieni tangu filimbi ya kwanza. Kama wafupi wanaweza kuchukua kombe? Wanaweza, wakicheza mchezo wao. Wakisimama kumtazama mrefu mmoja, hata wanafunzi wa misheni wanawatosha, nawe umeliona hilo kwa macho yako. Sikuahidi kombe, Kadiri. Mnaweza kufungwa. Lakini mfungwe mkiwa mnacheza mpira wenu wa mchangani.

Sasa Faradji. Hapa nimekukasirikia kweli. Rafiki yako anakuletea jezi aliyoifua mwenyewe, anakwambia ifumue, nawe unaipokea. Ulidhani amekuja kukupa kitambaa? Alikuja umwambie chukua jezi yako, acha upuuzi. Alingoja neno hilo, hukulisema, ndiyo maana sasa anakusalimu kwa haraka. Ukimaliza kusoma haya, ipige pasi jezi hiyo, mpelekee nyumbani kwake, umwombe radhi, na umwambie siku ya mechi anaanza yeye. Usimtume mtu. Nenda mwenyewe, na ukikaribishwa futari kaa ule.

Muhamadi hajakosa kitu. Ni kijana anayetaka kucheza na wenzake, na umeshampima, basi mshonee. Vipande vya buluu vinafika tumboni? Chini ungia kitambaa chochote, hata cha maua. Jezi huchomekwa ndani ya kaptura, nani ataona? Fundi mzima umekaa siku zote hizo unaitazama jezi ya mwenzio, na hilo halikukujia. Halafu mwite Muhamadi mje muongee wawili, umwambie ataanza akiwa benchi, na ataingia pale mwenzenu mmoja atakapochoka, au atakapojaza makosa akatolewa. Na kabla ya hapo mpeleke ufukweni, akimbie mchangani nanyi mpaka ajue kuutoa mpira mkononi mapema. Mrefu anayekimbia pamoja na wafupi atawasaidia. Akikasirika, atakasirika, hiyo ni haki yake, na kukasirika kwake leo ni afadhali kuliko kukudharau kesho.

Mzee Mbonigaba naye umemwelewa vibaya. Alisema mtaongea baada ya mechi. Hakusema mkishinda, wala hakusema mwanawe asipoanza binti hutampata. Hayo umeyatia wewe kwa woga wako. Mtume mshenga wako amweleze mapema jinsi Muhamadi atakavyocheza, asije akalisikia uwanjani katikati ya kelele. Baba anayeuza vitenge anajua mtu akishaelezwa bei mapema hagombi.

Limebaki moja, nalo umelipitia kwa mstari mmoja, ukarudi haraka kwenye mpira. Saidati alikuuliza swali mbele ya rafiki zake, ukacheka. Yeye hakuwa anachekesha. Alitaka kujua kama atakuwa mke wa mtu au ngazi ya kumfikia kaka yake, na kwa kicheko chako akaondoka bila jibu. Mechi mnaweza kushindwa mwaka huu mkashinda mwakani. Saidati hakungoji mpaka mwakani.

Kwa hiyo akipita tena barazani, simama. Weka sindano chini. Mwambie unamposa yeye, tena useme kwa sauti, mbele ya watu walewale waliokuona ukimpima kaka yake. Na safari hii usicheke.