Goigoi Aliyeponea Kosa Langu

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na watoto. Natumaini kile kifua kilichokusumbua kimekuachia. Sisi huku wazima. Mimi nilifunguliwa plasta majuzi, na mguu umekonda hata nikiutazama nauonea huruma.

Wiki sita nilizokaa kwenye kochi, shemeji yako alichoshwa na maneno yangu, akaniwekea mchezo wa besiboli kwenye kompyuta. Mimi, nisiyejua gongo wala mpira! Lakini humo huchezi, unaiongoza timu. Unasajili vijana, unawapangia mazoezi, misimu inapita upesi na wewe unangoja waive.

Nilikuwa na mrushaji mpira mmoja wa miaka kumi na minane, nikamwita Goigoi. Misimu mitatu mipira yake ilikwenda kila mahali isipokuwa panapotakiwa. Kocha wa humo kila mara aliniandikia kwamba kijana ana bidii, ila anachelewa. Mimi na subira unatujua. Nikaamua kumfukuza, nikabonyeza, kumbe nimebonyeza jina la chini yake. Akaondoka kijana wangu bora, Goigoi akabaki. Siku hiyo hata chakula sikukitaka.

Basi, sijui nikuelezeje. Msimu wa tano namba zake zikaanza kupanda, kidogo kidogo. Msimu wa sita, siku ya fainali, aliwatoa wapigaji wote ishirini na saba wa mchezo mzima, mfululizo, hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Shemeji yako, anayeujua mchezo huo, alisimama akashika kichwa, akasema, "Hili watu huzeeka bila kuliona." Mimi nilikuwa nimeziba mdomo. Na huyo ndiye niliyetaka kumtupa.

Jumatatu nikarudi kazini, kwenye cherehani zangu. Mteja akaleta koti la kijivu nibadilishe bitana. Nikaona mshono wa kola umenyooka, umekaza, miaka saba haujaachia hata uzi mmoja. Nilishangaa, nikamuuliza ni fundi gani huyo. Akacheka, akasema limetoka hapahapa, kwa yule binti mpole aliyemchelewesha wiki mbili. Ni lile koti ulilolifumua kola mara nne, nami nikikufokea mbele ya mafundi wenzako.

Mdogo wangu, nilipokurudisha nyumbani nilikwambia kazi imepungua. Haikupungua. Wiki ileile nilimweka fundi mwingine kwenye cherehani yako. Nilikuona mzito, nikashindwa kungoja, na kukwambia ukweli nikaogopa. Nasikia tangu hapo hujashika sindano. Goigoi aliponea kosa langu. Wewe nilikuondoa bila kukosea jina.

Nisamehe. Cherehani yako ile ya dirishani nimeitia mafuta, na hakuna anayeikalia. Ukiitaka, njoo, uchelewe utakavyo.

Wabusu watoto. Shemeji yako anakusalimu, anasema nikwambie Goigoi hajambo.

Ni mimi dada yako, ambaye safari hii shikamoo haidai.