Firigisi ya Mama Mativo

Baba Dogo, Nairobi
9 Juni 2025

Mpendwa dada Nekesa,

Nimemkosea Mama Mativo, na nimekukosea wewe uliyeniachia mtoto. Acha nitoe hilo kwanza, ndio nikuulize: hujambo huko Doha? Mgongo umepoa? Sisi tuko salama, na leo nasema hivyo bila kudanganya.

Nilikuambia kwa simu taya la Mitchelle limevimba sababu ya jino. Moyoni sikuamini ni jino. Lilianza wiki ile alikula muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, kwa Mama Mativo, jirani yetu Mkamba, na unajua vile sisi watu wa Bungoma huongea juu ya Wakamba, ati wote ni warogi. Alipoleta chakula tena nilikimwaga nje, majirani wa ploti nzima wakiona. Nikamwita mchawi. Mtoto nikampeleka kwa mtu wa mizizi. Taya likazidi.

Mama Mativo ndiye alikuja kusimama mlangoni kwangu, akaniambia: "Baba Luseno, nichukie tu, ukimaliza utaniambia. Lakini huyu mtoto anapigwa picha ya taya leo." Akamshika mkono wakaenda. Mimi nyuma, kama mbuzi wa sokoni.

Daktari Mureithi alituonyesha kwa picha: kifuko cha maji ndani ya mfupa, kinakula taya kimyakimya na kusukuma meno. Wanaita sisti, na ya aina hii ni wachache huipata. Walikata kipande wakapima. Si kansa! Wakakitoboa kile kifuko, wakaweka kamrija, tukawa tunasafisha kila jioni kwa maji ya chumvi. Mimi niliogopa kumuumiza, kwa hivyo bomba la sindano alishika huyo huyo niliyemwita mchawi. Kifuko kikasinyaa, mfupa ukajaa, na mwezi jana wakakitoa chote.

Nekesa, tumeshinda! Jana Mitchelle ametafuna mahindi choma upande ule ule, akinicheka: "Anko, mchawi wako ni noma!" Atakuwa anapigwa picha kila mwaka, maana hii kitu hupenda kurudi. Ikirudi itatukuta macho.

Msalimie shemeji Nabiswa. Mungu aliyemshika mtoto wako huku akushike na wewe huko.

Jumapili hii, tarehe 15, tukitoka kanisani nachinja jogoo. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwanamume mwenye boma; hata marehemu mama hakuwahi kuionja. Nitaiweka kwa sahani, nipite nayo pale pale nilipomwaga chakula, nimpe Mama Mativo kwa mikono miwili, ploti nzima ikiona.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na aibu yangu yote,
Patrobas