Stakabadhi Ndani ya Kibuyu

Jumatatu, 4 Juni 1934

Nimefundisha asubuhi. Watoto wachache tu. Wengine wako porini wanachimba mizizi. Nzige hawakubakiza hata suke. Jioni nimemkuta Baba amemwaga kibuyu chake mkekani, anapanga stakabadhi za kodi za miaka yote. Sikumuuliza. Nina njaa na hasira.

Jumatano, 6 Juni

Sasa najua. Anataka kwenda bomani Tabora, kwa serikali, kudai mtama. Zamani watu walilima shamba la mtemi, na njaa ikiingia mtemi alifungua ghala. Serikali ikafuta kazi ile, ikataka shilingi za kodi. Baba anaamini ghala limehamia bomani tu, na kila stakabadhi ni haki yake ya chakula. Nimemweleza sivyo. "Umesoma, mwanangu," amesema. "Lakini mtu ale jasho la watu miaka yote hii, asiwalishe hata siku moja?" Nimeona aibu.

Ijumaa, 8 Juni

Ameondoka alfajiri, kibuyu begani. Kwa miguu, na uzee ule! Jirani yetu mwenye zizi la ng'ombe hulipa kodi ileile anayolipa Baba. Kabula, mjane wa huko bondeni, hulipia kibanda chake vivyo hivyo. Mwenye zizi na mwenye jembe moja, wote sawa mbele ya karani. Usawa gani huu?

Jumanne, 12 Juni

Hajarudi. Naogopa.

Alhamisi, 14 Juni

Msafiri ameleta habari. Karani alizitazama stakabadhi zote, akamrudishia, akamuuliza ya mwaka huu iko wapi. Chakula kipo, ila ni cha wanaofanya kazi ya barabara ya Nzega. Baba anaponda kokoto. Nimewaruhusu watoto mapema. Sikutaka wanione nikilia.

Jumapili, 24 Juni

Amerudi. Viganja vimechubuka. Mtama nusu gunia.

Baada ya kupumzika akaniagiza nimwite Kabula. Kaja, kaamkia, kakaa mlangoni. Baba akaanza kumpimia mtama. Nilikasirika, nusu gunia lenyewe hilo!

"Naye analipa kodi," Baba akasema.

Kabula hakuja na chombo. Baba akachukua kibuyu, akazitoa zile karatasi, akaziweka chini. Nikakishika kibuyu kisiyumbe. Akakijaza.