Hewa Ndani ya Jicho Langu

Jumanne, 11 Julai 2023, Kasongo

Operesheni imeisha! Jicho la kuume limefungwa pamba, mimi niko muzima, nacheka peke yangu kama mulevi. Mutu mwingine angezimia. Mimi niliona vyote! Sindano ya Docteur Aimée ilikuwa inatembea ndani ya jicho, kivuli chake kama samaki ndani ya mutungi. Nikamwongoza: Maman Docteur, pita upande ule, pale giza ni nyingi. Akasema: Papa Feruzi, nyamaza, ukiongea kichwa kinatingika.

Sawa. Kuongoza sikuongoza sana. Lakini kuona niliona.

Yeye na watu wake walitoka Lubumbashi na mashine yao, watarudi kwao Jumapili. Alinieleza: nyuma ya jicho kuna kingozi chembamba kinachoshika picha, kinaitwa rétine. Changu kilibanduka kama rangi kwenye ukuta wenye maji. Ndiyo maana kule Kabambare niliona radi muchana kweupe, halafu inzi weusi, halafu pazia. (Watu niliwaambia kwamba naona mvua kabla haijanyesha. Waliniamini!) Sasa amekirudisha, amekichoma laser pembeni, na amejaza hewa ndani ya jicho ikisukume mupaka kishikane. Mimi PDG, mukubwa wa kampuni, mwenye shimo langu la dhahabu Salamabila, nilielewa upesi kuliko infirmier, muuguzi wake: ni kama kusimamisha miti ndani ya shimo ili udongo usituangukie. Ila muti wangu ni hewa, na hewa inapanda juu. Kwa hiyo uso lazima uangalie chini. Usiku na muchana! Mupaka Jumanne ijayo!

Mimi Feruzi — uso chini. Wanaonijua watacheka mupaka waumwe na mbavu.

Jumatano, 12 Julai

Niko kwa dada yangu Safia. Nalala kifudifudi, nakula kifudifudi, naandika kifudifudi. Jicho la kushoto ndilo linasoma. Kijiwe cha shimo kiliwahi kulipiga, linaona kama kioo chenye vumbi, herufi zangu ni kubwa kama mbuzi.

Majirani wanakuja kuniangalia mugongo. Nimewaambia hewa iliyo ndani ni ile ya tairi ya ndege. Feza, binti wa Safia, akapaza sauti toka jikoni: "Mujomba, asubuhi ilikuwa hewa ya Ulaya!" Nikamujibu, na ndege inatoka wapi, we mutoto, si Ulaya? Wakacheka wote. Mimi pia, nikitingisha kichwa kidogo tu.

Lakini iko jambo. Jumamosi wakwe wanakuja kumuposa huyo Feza. Baba yake alishakufa, musemaji ni mimi mujomba. Wamekwisha kutoka Kabambare na pikipiki, na njia ile hakuna mutu anaipita mara mbili kwa furaha. Safia amekataza: habari ya jicho, hata neno! Baba yetu alikufa kipofu. Wakijumulisha, watasema ukoo huu unazaa vipofu, watarudi na mbuzi wao.

Feza alikuwa anaimba tangu asubuhi juu ya Mahamudu wake, fundi wa pikipiki. Aliposikia hivyo akaacha kuimba.

Ijumaa, 14 Julai

Contrôle, jicho limeangaliwa tena. Wametoa bandage. Naona moshi, na duara jeusi, hewa yenyewe, linalocheza kama yai ndani ya sufuria. Docteur Aimée amefurahi: imeshika! Lakini haijakauka. Ukiinua kichwa inabanduka tena, na mashine inaondoka, nani atakurudishia? Nikamuuliza: hata kidogo tu, kwa heshima ya wakwe? Akasema: "Papa, jicho halijui wakwe." Ha! Mama huyu angezaliwa Kabambare!

Safia anataka binamu yetu wa Lusangi aseme mahali pangu. Yule! Anaongea kama pikipiki iliyonyweshwa maji. Nimekataa. Nitainama, nitasema. Ulimi haukupasuliwa.

Jumamosi, 15 Julai

Haraka haraka, niko chumbani. Wageni wako nje wanashauriana.

Ilianza vizuri! Niko kwenye mukeka, kichwa chini, maneno yanatoka kama asali. Musemaji wao ni muzee Zuberi. Nikamusikia ananong'ona kwa wenzake: walituambia huyu ana majivuno, kumbe muungwana! Mimi, muungwana! Ningenyamaza hapo. Lakini akauliza kwa upole kwa nini siwaangalii, na mimi nikaona neno tamu linapita, nikalidaka:

"Muzee, ukoo wetu tunapokea wageni hivi. Babu yangu aliwainamia wageni siku tatu bila kula."

"Babu yako nilimujua," Zuberi akasema. "Alikuwa anatuangalia kama chui aliyekosa nyama."

Watu wakacheka. Akasema: "Bwana Feruzi, kwetu anayetoa binti anatutazama usoni. Asiyetazama anaficha kilema cha binti. Inua kichwa tuonane, tusome fatiha, tumalize. Mara moja tu."

Mara moja tu. Nikajiambia, jicho lingine liko, Feza ni mumoja. Shingo ikaanza kupanda.

Pazia la mulango likavutwa. Feza! Bibi arusi, kabla hajaitwa, kichwa wazi! Mikono miwili juu ya kisogo changu, ananisukuma chini. "Mujomba, usiinue! Ametoka operesheni ya jicho, akiinua linakufa! Kama kwa hiyo hamunitaki, basi muende!"

Safia akapiga ukelele. Mimi nikaanza kueleza, ukelele ule ukameza maneno yangu. Mimi!

Halafu nikasikia magoti yanalia. Muzee Zuberi alikuwa anashuka. Na kanzu yake nyeupe akajilaza chali kwenye mukeka, akajivuta mupaka uso wake ukafika chini ya uso wangu, pua kwa pua. Anatoa harufu ya tangawizi.

"Haya," akasema. "Sasa tunaonana."

Na naapa — jicho la kuume, lile la hewa, likaona! Mbali ni moshi, lakini pale karibu niliona ndevu zake unywele kwa unywele, weupe, na mumoja mwekundu wa hina. Nikamuambia: muzee, uko na kovu dogo sana chini ya jicho. Akasema kovu hilo mukewe peke yake ndiye analijua.

Vijana wakamuinua, akawaita wote nje. Nasikia mutu anabisha: vipofu… wajukuu… Mahamudu anamujibu kwa nguvu, sauti inakatika. Feza bado ameshika kisogo changu, vidole baridi, naandika chini ya mikono yake. Safia ananiambia: kaka, wakirudi usiongeze chumvi, hata punje. Niongeze nini? Hii ya kweli ndiyo hakuna atakayeiamini!

Viatu vinavuliwa mulangoni. Wanaingia. Zuberi anasafisha koo —