Pampu ya Salimu

Ilford, Jumanne, Novemba

Nimemficha Salimu jambo moja tangu niliporudi kutoka hospitali, na sasa mwanangu huyo anataka kuacha kazi kwa sababu ya siri hiyo.

Mimi ndiye niliyemtoa kwenye kazi ya kufunga boila za gesi za kupashia nyumba joto. Serikali ilipoahidi kuwafundisha mafundi wa gesi kazi za kijani, zisizochafua hewa, nilisimama kwenye mkutano wa chama cha wafanyakazi nikasema tuiamini. Mafunzo yalikuja kweli, ila mshahara ukapungua. Wenzake wa zamani humcheka, humwita Bwana Majani.

Pampu ya joto, mashine ya umeme ya kupasha nyumba joto, ya kwanza aliyoifunga peke yake ni hii yangu.

Leo amenikuta nimejifunika mablanketi. Akagusa redieta ya ukutani, ya vuguvugu isiyochoma kama ya gesi, akatoka kuitazama mashine, akarudi amenywea.

"Mzee, unatetemeka! Kumbe hawakunicheka bure. Haya mambo ya kijani ni maneno ya wanasiasa tu. Narudi kwenye gesi."

Mkewe, Rehema, alikuwa ameshavua sweta. "Mbona mimi natoka jasho humu? Baba, au unadeka tu?"

Nikacheka. Nikasema labda mashine inataka kurekebishwa. Salimu akapiga magoti uani, kwenye mvua, akifungua kitu ambacho hakijaharibika, nami nikimtazama dirishani.

Kesho, kabla hajampigia bosi wake wa zamani, nitamwambia. Pampu yake ni nzima. Nyumba ina joto. Baridi imo mwilini mwangu, na daktari hadhani nitafika Ramadhani.