Viatu vya Harusi ya Baba na Mama

Mjomba wangu Ramadhani,

Assalamu alaykum. Mgongo wako vipi? Najua kwa sasa hauwezi kukusumbua, lakini uliulalamikia miaka yote, mimi nimezoea kuuliza. Kila baada ya Alfajiri nakuombea nuru na nafasi huko uliko. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila tangu ututoke yametokea mengi, na moja linakuhusu wewe.

Baba na Mama niliwapeleka nyumba ya wazee. Usinikasirikie, Mjomba. Baba macho yamekwisha, Mama miguu imekataa, na mimi bado nakaanga sambusa zangu Kabalagala. Siku moja niliinama kumwosha Mama miguu, nikashindwa kuinuka. Ikabidi mgonjwa amkande muuguzi.

Msimamizi wa kule tunamwita Nnalongo, kwa kuwa amezaa mapacha. Mtu mwema, ila ana sheria: wanaume upande wao, wanawake upande wao, na chumba cha pamoja ni cha wenye cheti cha ndoa tu. "Nyabo, bibie," aliniambia, "wengine hapa wanajiita mke na mume, kumbe wameonana jikoni kwangu."

Cheti kitoke wapi? Walioana Kibuli, kwa sheikh na mashahidi wawili, basi. Sheikh alishakufa. Shahidi mmoja alihamia Arua akafia huko. Wa pili ndiwe.

Wiki tatu Mama hakula sawasawa. Unakumbuka alivyokuwa akimtolea Baba miiba ya samaki? Kule akiwekewa samaki anaichambua miiba yote, anaipanga pembeni, kisha anaisukuma sahani. Na Baba upande wa pili anauliza kila anayepita, "Mke wangu amekula?" Niliona hivi hivi wataniondokea, kila mmoja peke yake. Nikaswali rakaa mbili, nikaenda kumwomba Nnalongo.

Akasema sawa, atawahoji kila mmoja mbali na mwenzake. Ya Rabi, walitia aibu. Baba alisema harusi ilikuwa Ijumaa, Mama akasema Alhamisi. Baba alisema mahari ilikuwa mbuzi watatu. Mama akasema wawili, wa tatu alikuwa mgonjwa, hahesabiki. Nnalongo akaanza kufunga daftari lake. Mimi nikamsihi aulize swali moja zaidi.

Mwisho akarudi kwa Baba, akauliza tu, shahidi alikuwa nani? Baba akaruka, "Shemeji yangu, mwizi wa viatu. Nilitoka msikitini sina kiatu, nikaenda kwa bibi harusi pekupeku, mimi afande mzima." Tukavuka kwa Mama. Swali lilelile. Akakunja uso: "Shahidi ni kaka yangu, na hakuiba. Aliwahi pilau, akavaa vilivyokuwa karibu na mlango. Huyo mume wangu amemsema mpaka kaburini."

Ni kweli, Mjomba. Kaka yangu, aliyekuwa na Baba pale, aliniambia kwamba siku ya maziko yako, sheikh alipouliza nani anamdai marehemu, Baba alianza kunyoosha mkono. Kaka akaushusha.

Nnalongo alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso. Akasema, "Hawa wameoana. Nani mwingine atabeba ugomvi wa viatu miaka yote hiyo?" Akawatolea magunia ya unga kwenye kachumba kando ya jiko, akaweka vitanda viwili. Mama akataka visogezwe vigusane.

Kwa hiyo ulikuja kutoa ushahidi, ingawa umechelewa kama kawaida yako.

Ijumaa iliyopita niliwapelekea samaki. Mama anatoa miiba, Baba amefungua mkono anangoja. Kinywa kimejaa, akaniambia, "Mwandikie mjomba wako kwamba viatu nimemsamehe. Lakini kwanza akiri."

Mimi nakuahidi samaki wao hawatakosa kila Ijumaa, na dua yako vilevile. Kwaheri, Mjomba wangu, Mungu akupokee kwa upole. Tafadhali jibu upesi, mzee hana miaka mingi ya kungoja. Ukija kwa ndoto, nenda kwa Baba moja kwa moja. Na viatu uvulie mlangoni, avishike mwenyewe.

Mpwa wako,
Zaituni