Taa ya Kaka na Kofia ya Fundi

Shoga, hebu sikia ya leo.

Ile taa aliyokuwa anajiundia kaka, vitaa vya LED kibao kavipanga juu ya sinia la mama ili awatishe wezi? Leo jioni ameiwasha. Ukuta wa jirani yetu, yule fundi wa kuchomelea, umekuwa mweupe pe.

Fundi akaja. "Geuza taa yako, mtoto wangu hapati usingizi."

Kaka akamjibu, "Na wewe ukichomelea kutwa, sisi hatuna macho?"

Eti sisi hatuna macho. Hapo ndipo alipoharibu.

Fundi karudi na nondo, kavaa kofia yake ya kuchomelea, ile yenye kioo cheusi tii. Kaka akamgeuzia taa usoni. Wapi. Sote tumefumba macho, anayeona ni yeye tu. Akampiga kaka mkononi, mfupa nimeusikia ukivunjika. Kisha akaipasua taa.

Giza likaingia, na kwenye kioo kile bila mwanga mkali huoni kitu. Kofia hakuivua, shoga. Aliendelea tu kupiga huku anatukana.

Mkewe alikuwa amekuja kumshika mkono. Alikuwa anamwita, naye anampiga yeye bila kumwona.

Wote watatu wako hospitali, fundi kamsindikiza mkewe. Mtoto wao ninaye mimi hapa.

Amelala.